Paka Ambaye Hakuwepo Sinemani

Mkosi ukishaujua mlango wako, haupigi hodi tena. Unaingia na ndugu zake.

Mlionifuata hapa gazetini tangu mwanzo mnayajua yangu: koo lililopasuliwa, kipindi cha watoto kilichonitema kama kokwa, na chumba changu pale Ogikubo kilichoingia maji mpaka kwenye kabati la magodoro. Yote niliyameza. Niliyameza kwa sababu nilikuwa na Haruomi.

Aliyechelewa asogee, tusimwache nje. Mimi ni Wakana Torigoe, mwigizaji wa sauti. Sura yangu huijui na wala huna haja nayo. Lakini kama uliiona *Stesheni Isiyo na Saa*, ile filamu ya katuni ya mapenzi iliyowaliza watu Tokyo nzima wakati wa kiangazi, basi ulilia kwa ajili yangu. Azusa, yule msichana anayengoja treni, ni mimi. Kyoji, yule kijana anayefika amechelewa, ni Haruomi Segawa.

Na nje ya filamu mambo yalikuwa hivyohivyo: mimi nangoja, yeye anachelewa. Tulichumbiana kwa siri. Kwetu msichana anayempa sauti mchumba wa taifa zima haolewi hovyohovyo, mashabiki hununa, na wakinuna, kazi nayo inanuna.

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye ngazi za studio, asubuhi ya siku niliyodhani mikosi yangu inazikwa. Tulikuwa tunakwenda kurekodi maongezi ya diski. Si unajua, filamu ikitoka kwa ajili ya kutazamwa nyumbani, huwekwa na vionjo vyake. Mtu akibonyeza kitufe kwenye rimoti, anaitazama filamu huku sisi tulioifanya tukiipigia soga toka mwanzo hadi mwisho.

Mpango ulikuwa huu. Mwishoni, majina yanapoanza kupanda, mimi na Haruomi tungetangaza uchumba wetu humohumo kwenye maongezi. Kesho yake asubuhi tungekwenda ofisi ya wilaya kugonga mihuri, tuwe mume na mke.

Na nilikuwa na sababu ya kutaka iwe kwenye diski. Mama yangu yuko Tsuwano, mji usio na sinema tangu ile ya mwisho igeuzwe ghala la pombe ya mchele. Filamu yangu hajaiona. Jirani alishamfungia mashine ya diski, na mama anaifuta vumbi kila siku kana kwamba ni madhabahu ya marehemu baba. Nilitaka alisikie tangazo hilo akiwa sebuleni kwake, miguu ikiwa chini ya meza ya joto, ile yenye hita na blanketi, kwa sauti ya mwanawe mwenyewe.

Sikuwa nimemwambia neno.

"Waka, una hakika?"

Huyo ni Dada Fumie, meneja wangu. Fumie Kashiwa. Zamani naye alikuwa mwigizaji wa sauti, kabla hajachoka kukataliwa akaamua kuwasimamia wengine. Nilimsikia kabla sijamwona, kama kila siku. Funguo zake zina kengele ndogo niliyomnunulia hekaluni tulipopata kazi hii ya Azusa. Mlango wa teksi uliibana, ikabonyea, na tangu hapo inalia kama mtu mwenye mafua.

"Nina hakika, dada."

"Ukishasema kwenye diski umesema. Haifutiki."

"Ndiyo maana nataka niseme humo."

"Subiri hata mwaka mpya upite."

"Dada, umenisubirisha mpaka nimeota mizizi! Kwanza usubiri filamu ikamilike, nikasubiri. Kisha usubiri itoke sinemani, nikasubiri. Sasa hata diski unataka niisubiri?"

Alinitengeneza kola ya blauzi, taratibu, kama mama anayempeleka mtoto shule. Nikaona macho yake yamelowa. Nikasema moyoni, masikini, ananionea furaha. Kweli kipenda roho hula nyama mbichi, na mimi nilikuwa natafuna.

Mlangoni mwa chumba cha kurekodia kuna kapu. Kila aingiaye anaacha humo saa, bangili, sarafu, funguo, chochote kinachoweza kulia. Maiki zetu hazina huruma, hata tumbo likinguruma zinalichukua. Tunavua viatu, tunavaa nguo za pamba zisizochakarika, na mtu akigeuza karatasi ikasikika, anainama kuomba radhi kwa chumba kizima. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza anayofundishwa mwanagenzi. Mtu aliyekaa nje ya kazi siku nyingi ndiye anayeisahau.

Nikaivua pete ya Haruomi, nikaiweka ndani ya kapu.

Ndani tulikuwa watatu: mimi katikati, Haruomi kushoto, na kulia Mzee Onodera, mwongozaji wa filamu, ambaye alikuwa ameshamaliza tonge la wali na kuanza jingine. Nyuma ya kioo, kwenye chumba cha mitambo, alikaa Kume, fundi wetu wa sauti, mtu wa maneno machache. Dada Fumie akasimama nyuma yake.

"Tunakwenda moja kwa moja, hatusimami," alisema Mzee Onodera huku akijipangusa vidole. "Mkikosea, chekeni. Mkisahau, chekeni. Mtu akikohoa, akohoe kwa furaha. Hawa wametupa nafasi moja tu ya studio."

"Na tukitaka kulia, Mzee?" Haruomi aliuliza.

"Lieni kwa furaha."

Taa nyekundu ikawaka.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Mzee alisimulia jinsi alivyozunguka vituo vya mlimani akitafuta stesheni ya kuchora, akafukuzwa na nyuki. Haruomi akaniigiza nilivyokuwa nikijikausha machozi kwa mkono wa sweta. Nikamrudishia: "Wewe nawe siku ya kwanza ulisoma mistari ya Kyoji kama mtu anayetangaza bei ya samaki." Tukacheka. Chini ya meza kidole chake kidogo kilikuwa kimeshika changu.

Nilikuwa na raha, jamani. Nawaambia ukweli. Kama kuna mtu aliyekuwa na raha Tokyo asubuhi ile, ni mimi.

Filamu ikafika stesheni. Mvua imekatika, benchi limelowa, Azusa amesimama na mwavuli uliofungwa. Kyoji anakuja mbio. Kila aliyekwenda sinemani anajua kinachofuata.

"Hapa ndipo," Mzee Onodera akasema, "walipolia hata wauza tiketi. Waka, waambie siri ya busu."

"Siri gani Mzee, unaniumbua."

"Waambie! Wako nyumbani, wamevaa soksi, hawatamwambia mtu."

Basi nikasema. "Ukweli ni kwamba katika kazi yetu hakuna anayembusu mtu. Kila mmoja anabusu mgongo wa mkono wake mwenyewe, karibu na maiki. Mimi hubusu mkono wa kulia, hapa chini ya kidole gumba. Kwa hiyo mnapolia, mnalilia mkono wangu."

"Na hata siku hiyo hawakuwa pamoja!" Mzee alidakia. "Siku ya tukio hili Waka alikuwa hoi kitandani. Haruomi akarekodi ya kwake, Waka akaja kurekodi ya kwake wiki iliyofuata. Mnawaona wamekumbatiana hapo, lakini walipishana kama jua na mwezi."

Nilikuwa karibu kujibu. Ndipo nikamwona paka.

Paka mweupe, mdogo, alipita nyuma ya benchi, mkia juu. Akapotea nyuma ya nguzo.

"He!" nikasema. "Huyu paka katoka wapi? Sinemani hakuwepo!"

Mzee Onodera akacheka mpaka akajipigapiga kifua. "Nilikuwa nangoja uulize! Huyo ni mgeni, ndugu watazamaji, amezaliwa kwa ajili ya diski. Mnajua tunavyofanya: filamu ikitoka sinemani, sisi tunaona makosa yetu tu. Basi kabla haijaingia majumbani kwenu tunachora upya palipotuaibisha. Ila paka si kwa ajili ya kosa la picha. Ni kwa ajili ya kosa la sauti."

"Kosa gani la sauti?"

"Sinemani fidla zilifunika kila kitu. Kwa diski nikasema muziki upunguzwe, watu nyumbani wana spika ndogo, nataka wasikie pumzi. Tukaupunguza. Kumbe chini yake kuna kengele! Kengele ndogo, palepale midomo inapogusana. Kume alihangaika. Ukiitoa kengele, unatoa na busu. Basi nikawaambia vijana wachoraji, nileteeni paka mwenye kengele shingoni. Walinilaani, lakini wakachora."

"Paka mzuri," nikasema. Nilisema kwa moyo mweupe kabisa. Niliwaza: mama atampenda huyo paka.

Kisha ikalia kwenye hedifoni.

Nimewahi kusikia kengele nyingi. Hiyo ilikuwa na mafua.

Nikainua macho kwenye kioo. Dada Fumie alikuwa amesimama palepale nyuma ya Kume. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezifumbata funguo, umezikaza kifuani, asizisikie mtu.

Na baada ya kengele nikalisikia busu.

Ndugu zangu, mimi busu langu nalijua. Nimeubusu mkono huu kwa ajili ya malkia, wauguzi na msichana mmoja aliyekuwa samaki. Mkono una sauti kavu, inayokatika upesi. Nililolisikia halikuwa la mkono wangu, wala la mkono wa mtu yeyote. Kulikuwa na pumzi mbili. Moja ilikuwa ya Haruomi. Nyingine ilivutwa kidogo, kama mtu aliyeshtuliwa ambaye hakutaka kukimbia.

Nikazikandamiza hedifoni masikioni.

"Hili busu," nikasema, na najipongeza mpaka leo, kwa kuwa sauti haikutetereka, "hili busu si langu, Mzee."

"Umelijua! Sikio hilo! Lako tuliliweka kando, usininunie. La Haruomi lilikuwa na uzito wa kutosha watu wawili!"

Haruomi akacheka. Kicheko chake kilichelewa kidogo, na mwigizaji wa sauti hachelewi.

"Nilibusu mikono yote miwili," alisema.

Kidole chake kidogo kiliachia changu.

Sasa hebu mtu anielewe. Taa nyekundu inawaka. Nafasi ya studio ni moja. Kila ninachosema kitaingia sebuleni kwa mama yangu na kwa maelfu ya wengine. Siwezi kupiga kelele wala kuinuka. Ninachoweza ni kuuliza huku nikitabasamu, maana tabasamu nalo linasikika.

"Haruomi, na siku ile mimi nikiwa na homa, nani alikusomea mistari ya Azusa?"

"Nani? Hakuna. Nilisoma peke yangu."

"Masikini! Peke yako kabisa?"

"Peke yangu kama Kyoji mwenyewe."

"Peke yako wapi wewe!" Mzee Onodera akaingilia, mdomo umejaa wali. "Umri unaniingia mimi au unakuingia wewe? Si yule mama alisimama nawe? Meneja wake Waka! Nikamwambia asaidie, asome tu ili kijana apate wa kumtazama. Tena alisoma vizuri, mpaka nikasema huyu aliacha kazi kwa nini."

"Aa," akasema Haruomi. "Kweli. Nilisahau."

"Ulisahau," nikasema.

"Na akaomba taa zizimwe, huyu!" Mzee hakuwa na breki. "Ati aingie kwenye hisia. Tukazima zote, mimi na Kume tukawa tunasikiliza tu gizani. Nikamwambia Kume, leo mtoto kaamka! Si kweli, Kume?"

Kume, nyuma ya kioo, hakuinua kichwa.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi hata busu langu halikuwepo.

Nikakumbuka jioni ile ya homa. Dada Fumie alikuja kwangu na uji wa wali, na plamu ya chumvi juu yake. Alinipangusa jasho. Akanibadilishia shuka. Nikamuuliza, rekodi imekwendaje? Akasema, "Vizuri. Haruomi alikuwa na hisia sana leo." Na mimi nikafurahi. Nilifurahi, jamani! Nikamshika mkono, nikamwambia, dada, bila wewe ningekuwa nani. Mkono ule ulikuwa umetoka wapi?

"Waka." Haruomi alikuwa amefunika maiki yake kwa kiganja na kuniinamia. Alinong'ona chinichini, hata mimi niliona midomo zaidi ya kusikia. "Si hapa. Nakuomba. Nitakueleza yote."

Nami nikafunika yangu. "Nieleze nini? Kwamba ulikuwa na hisia?"

"Ilikuwa mara moja."

"Mara moja tu, na nchi nzima imekata tiketi kuisikia!"

"Fikiria kazi yako. Fikiria mama."

Hapo aliniweza. Alijua pa kunigusa, mwanamume yule. Maana nilikuwa namfikiria mama.

Nyuma ya kioo Kume alikuwa akizungusha kidole hewani: ongeeni, ongeeni. Ukimya kwenye diski ni dhambi. Mzee Onodera, Mungu ampe maisha marefu na akili kidogo, akaanza kueleza jinsi walivyochora mvuke wa treni.

Sasa naungama, na sijawahi kuyasema haya hata kwa padri, sembuse gazetini. Nilitaka kunyamaza.

Naam. Nilikaa pale, hedifoni masikioni, nikapiga hesabu ya mwanamke. Koo langu lilishapasuliwa. Kipindi cha watoto kilishanitema. Umri nao haunisubiri kama ninavyosubiri wengine. Nikasema, Wakana, mara moja ni mara moja. Gizani ni gizani. Wengi wameolewa na wanaume wabaya kuliko huyu, na wamezeeka nao wakimenya machungwa chini ya meza ya joto. Meneja unambadilisha, unatafuta mwingine. Tangaza. Mama afurahi. Kengele mwachie paka.

Nilikuwa nimeshaamua hivyo. Kabisa.

Ndipo Azusa akasema mstari wake wa mwisho. Yule msichana wa karatasi yuko mlangoni mwa treni, Kyoji anamwomba angoje tena mpaka kiangazi kijacho, na sauti yangu mwenyewe, ya kabla ya kisu cha daktari, ikanijia masikioni safi kama maji:

"Nitangoja. Lakini si hapa."

Nilikuwa nimeusema mstari ule mara nyingi mazoezini, nikitafuta namna ya kulia bila kukwama. Sikuwahi kuusikiliza.

Treni ikaondoka. Skrini ikawa nyeupe. Majina yakaanza kupanda.

Haruomi akajikohoza. Alikaa sawa, akavaa ile sauti yake ya asali ambayo imemletea zawadi za chokoleti kutoka kwa wasichana asiowajua. Nikashangaa. Nilidhani angeahirisha. Kumbe aliona usalama wake uko mbele: nikishatangaza, nimefungwa. Nani atavunja uchumba uliotangazwa kwenye diski?

"Kabla hatujaagana nanyi mliotukaribisha majumbani mwenu," alisema, "mimi na Waka tuna jambo la kuwaambia. Ni jambo la furaha. Tumelificha siku nyingi, na leo tunataka nyinyi muwe wa kwanza kulijua. Waka, sema wewe."

Mzee Onodera, aliyekuwa ameshaambiwa, akapiga makofi bila sauti, macho yanameremeta.

Nikaisogelea maiki. Nilimwona mama. Nilimwona ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, ameinamia runinga, sikio zima likiwa la kwangu.

"Mama," nikasema.

Haruomi akatabasamu. Alidhani ndivyo tangazo linavyoanza.

"Mama, na nyote mlio nyumbani. Sinemani picha ikipita imepita. Nyumbani mna rimoti. Naomba muichukue. Rudisheni nyuma mpaka pale stesheni, paka anapopita. Punguzeni kelele za jikoni, msikilize vizuri. Mtasikia kengele. Halafu mtasikia busu. Nimewaambia mnalilia mkono wangu, nimewadanganya bila kujua. Ule si mkono, na yule si..."

"Waka!" Haruomi alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake kwa kishindo, na maiki zote tatu zikakichukua.

"...na yule si paka," nikamaliza.

Mzee Onodera aliacha kutafuna.

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuona mlango ule ukifunguliwa taa ikiwa nyekundu. Dada Fumie aliingia na viatu vyake, mbio, akapita kapu bila kulitazama. Funguo zilikuwa mkononi. Na kengele ikalia, mara mbili, tatu, karibu kabisa na maiki, na mafua yake yaleyale.

Mzee alimgeukia polepole. Nikaona uso wake unaelewa kidogo kidogo, kama chai inavyopanda kwenye sukari.

"Hiyo kengele," alisema. "Hiyo ndiyo kengele yangu."

"Zima, Kume!" Dada Fumie alipaza sauti kuelekea kwenye kioo.

Sauti ya Kume ikaja kwenye spika. Ndiyo mara ya kwanza siku ile kumsikia akisema neno. "Mwenye kusema zima ni mwongozaji."

Sote tukamtazama Mzee Onodera. Alikuwa anamtazama Haruomi kama mtu aliyeuziwa tikiti bovu.

"Dada," nikasema. Sikujali tena nani anasikia. "Ulinilisha uji. Usiku uleule, ulinilisha uji kwa kijiko."

"Nilikulisha kwa sababu nakupenda."

"Usithubutu!"

"Nakupenda, Waka. Ungetaka nifanye nini? Kila nilipokwambia subiri, nilikuwa nakuzuia. Nilikuzuia kwa kila njia niliyokuwa nayo, isipokuwa moja." Akaacha kunitazama. Akamgeukia yeye. "Mwambie. Au nimwambie mimi?"

"Fumie, tafadhali," alisema Haruomi.

Fumie. Tangu nimfahamu Haruomi, alikuwa akimwita Bi Kashiwa, akiinamisha kichwa, kwa adabu zake zote. Sasa ni Fumie, hivihivi, kama mtu anayeitwa kutoka jikoni kwake.

"Hamwezi kwenda ofisi ya wilaya kesho," Dada Fumie aliniambia. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni na hakuyafuta. "Mkienda, karani atafungua daftari la ndoa, kisha atawarudisha. Mwambie kwa nini, Haruomi. Mwambie mbele ya mama yake."

Haruomi alivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu, asizigonge. Hata wakati huo, mazoea ya kazi. Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza tangu paka apite.

"Kwa nini?" nikauliza.

Sauti iliyonitoka haikuwa yangu. Ilikuwa ya Azusa, msichana wa stesheni. Na taa ilikuwa bado nyekundu.